Majitaka mlimani: kulaza bomba la pamoja juu ya miamba ya Mwanza

Ukisimama juu ya Mabatini, Igogo au Isamilo ukatazama chini, unaiona kazi yote kwa mara moja. Nyumba zimekaa juu ya mawe, mawe hayanywi maji, na kila kinachomwagwa juu lazima kishuke. Kitapita kwa jirani, kitaingia mtaroni, kitafika Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Ziwa hilohilo ndilo linalovutwa Capri Point na Butimba, likasafishwa, likapandishwa tena mlimani kwa pampu.

Kwa hiyo choo cha mlimani ni shughuli ya kichochoro kizima, na maelekezo haya yameandikwa kwa kichochoro: nyumba kama nane zinazotaka kuachana na mashimo na kuungana kwenye bomba moja la inchi 4 litakaloshuka mpaka bomba kuu la majitaka. Mtindo huu wa mabomba membamba yanayolazwa karibu na uso wa ardhi ulianza Natal, nchini Brazili, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwenye vilima kadhaa vya Mwanza tayari unafanya kazi. Ukijengwa vizuri haudai matengenezo makubwa. Ukijengwa ovyo, nyumba ya chini kabisa ndiyo inayolipa kwa niaba ya wote.

Kwa nini shimo linashindwa hapa

Chimba mita moja au moja na nusu, mara nyingi umeshagonga itale. Shimo fupi hujaa upesi. Septiki tanki nayo haisaidii sana, kwa sababu maji yanayotoka humo yanahitaji shimo la kunyonya, na shimo la kunyonya linahitaji udongo. Udongo usipokuwepo, maji yanateleza juu ya uso wa mwamba chini kwa chini na kutokea kwenye ukuta wa nyumba ya chini, hasa masika. Wenye nyumba hiyo hudhani ni chemchemi. Ukiona nyasi za kijani kibichi mwezi wa nane mahali pasipo na bomba la maji, huhitaji maabara.

Halafu kuna kunyonya. Gari la majitaka haliwezi kupanda ngazi za mawe, na mpira wake una mwisho. Isitoshe, Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na pampu ya kunyonya hupoteza nguvu kiasi. Kikazi, gari likiwa juu na shimo likiwa zaidi ya mita 6 chini yake, usitegemee matope mazito kupanda. Gari likiwa chini na shimo juu, tatizo ni urefu wa mpira tu.

Kabla ya kununua hata bomba moja

Anzeni MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, msianzie dukani. Mnachotaka kutoka kwa mamlaka ni vitu viwili: mahali mtakapoungia, na kina cha bomba kuu pale. Bila kina hicho hamwezi kukokotoa mteremko, na mtakuta mmelaza mita 60 za bomba linalofika sentimeta 20 chini ya mlango wa chemba kuu, yaani kisanduku cha zege chenye mfuniko ambamo mabomba hukutana na kukaguliwa. Kuunga kwenyewe kufanywe na mafundi wa mamlaka. Vishoka, yaani mafundi wasio wa mamlaka, wana tabia ya kutoboa bomba kuu kwa tindo na kuchomeka bomba lenu ndani. Ncha inayojitokeza inanasa matambara, na baada ya miezi mtaa mzima umeziba. Wengine huunga kwenye mtaro wa mvua wakawaambia "imeisha hiyo". Mtaro unakwenda ziwani moja kwa moja. Bomba kuu linapeleka majitaka kwenye mabwawa ya kusafishia ya Butuja, Ilemela. Tofauti ni hiyo.

Kikao cha pili ni cha majirani, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Andikeni karatasi yenye mhuri wa mtendaji: bomba linapita uwanja wa nani, hakuna atakayejenga juu yake, nani anashika vifaa vya kuzibulia, na kila nyumba inachangia nini kwa mwezi. Wengi huruka kipengele cha kujenga juu ya bomba kwa sababu siku hiyo wote wanaelewana. Miaka mitatu baadaye mtu anaongeza chumba cha kupangisha, na chemba inabaki chini ya kitanda cha mpangaji.

Kisha tembeeni njia yote kutoka chini kwenda juu na ndoo ya chokaa, mkiweka alama. Fuateni mwanya kati ya mawe hata kama unazunguka. Mita tano za bomba ni nafuu kuliko mita moja ya kuvunja itale. Na ikibidi kuvunja, ule ufundi wa kuwasha moto juu ya jiwe mpaka lipasuke usitumike karibu na nyumba: ufa haufuati matakwa yako, na jiwe lililoshikilia msingi wa jirani linaweza kulegea. Tumieni tindo na nyundo nzito, au acheni jiwe lilivyo na bomba lipite juu yake. Namna ya kulipitisha inafuata.

Kupima mteremko kwa mpira wa maji

Pima maji ya kawaida, ile ya sentimeta 60 au mita moja, inafaa kwa chemba na kwa bomba moja moja. Kwa njia nzima tumieni mpira mwangavu wa mita 20, wa kipenyo cha milimita 12 hivi. Jazeni maji taratibu kwa kunyonya kutoka ndoo iliyo juu, si kwa kumimina, ili povu la hewa lisibaki ndani. Povu moja lililojificha katikati linaweza kuwadanganya kwa sentimeta kadhaa. Hakikisho: wekeni ncha mbili pamoja, maji yakilingana, mpira uko sawa.

Mtu mmoja ashike ncha yake kwenye chemba ya juu, mwingine kwenye chemba ya chini, maji yatulie, kisha kila mmoja apime kutoka usawa wa maji mpaka mahali tumbo la bomba, yaani upande wake wa chini, litakapolala. Juu imesomeka mita 1.20, chini mita 1.50: bomba litashuka sentimeta 30. Kama umbali ni mita 18, huo ni mteremko wa 1 kwa 60, yaani kila sentimeta 60 za urefu bomba linashuka sentimeta 1. Huo ndio mteremko mzuri kwa bomba la inchi 4 lenye nyumba chache. Wahandisi wenye maji mengi bombani hushuka hadi 1 kwa 200. Ninyi msilaze tambarare kuliko 1 kwa 100, kwa sababu nyumba nane zinazotumia maji ya ndoo hazina maji ya kutosha kusukuma kinyesi kwenye bomba lililolala.

Mlimani, hata hivyo, shida si mteremko mdogo. Shida ni mteremko mkali mita kumi, kisha jukwaa tambarare mita nane, kisha mkali tena. Majitaka yanashuka kwa kasi, yanafika kwenye jukwaa yanapunguza mwendo, na uchafu mzito unatua hapohapo. Pimeni majukwaa kwa uangalifu zaidi kuliko sehemu kali, na wekeni chemba mwanzoni mwa kila jukwaa.

Vifaa

Kwa njia ya mita 60 na nyumba nane, kadirieni mabomba 10 ya PVC ya inchi 4 yenye urefu wa mita 6 kwa njia kuu, na mengine 6 ya kuunganishia nyumba ikiwa kila nyumba iko mita 4 hivi kutoka kwenye njia. Ongezeni mawili ya akiba. Msinunue bomba jepesi linalobonyea likikanyagwa. Ni la maji ya mvua ukutani, halikutengenezwa kwa ajili ya kulazwa ardhini. Inchi 4 inatosha. Kuna imani kwamba inchi 6 haizibi. Kwa nyumba nane huziba zaidi, kwa kuwa maji yaleyale yakitandazwa kwenye bomba pana yanakuwa membamba na hayana nguvu ya kubeba.

Chemba: moja kwa kila nyumba, na kwenye njia kuu moja kila bomba linapokata kona, kila mteremko unapobadilika, na hata kama njia imenyooka, isizidi mita 20 bila chemba. Ukubwa wa ndani sentimeta 40 kwa 40 unatosha kwa kina cha mpaka sentimeta 60. Zaidi ya hapo mtu hafiki chini kwa mkono, basi ijengwe 60 kwa 60.

Zege la chemba na mifuniko ni 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), lipu ya ndani 1:3 (saruji, mchanga) iliyopigwa niru, yaani kulainishwa kwa saruji tupu. Mifuniko iwe na unene wa sentimeta 7 na nondo za milimita 8, na vishikio viwili. Mfuniko usio na kishikio hunyanyuliwa kwa jembe, huvunjika pembe, na kupitia pembe hiyo mchanga na mvua huingia.

Kulaza

Anzeni chini mkipanda juu, mdomo mpana wa kila bomba ukitazama juu ya mlima. Penye udongo, chimbeni mfereji wa kina kinachoacha sentimeta 30 hadi 40 za udongo juu ya bomba. Njia ya bodaboda au mkokoteni iongezewe zege juu. Chini ya bomba wekeni mchanga wa sentimeta 10. Jiwe moja la ukubwa wa ngumi likibaki chini ya tumbo la bomba, uzito wa juu utapasua bomba hapo hapo, na ufa huo hutauona kamwe.

Penye mwamba mtupu, bomba halizikwi, linafungwa. Safisheni jiwe kwa brashi ya waya, lilowesheni, pakeni uji wa saruji, kisha kalisheni bomba juu ya vipande vya zege na lizungushieni zege la sentimeta 10 kila upande. Kila mita moja ya bomba lililofunikwa hivyo hula zaidi kidogo ya nusu mfuko wa saruji wa kilo 50, kwa hiyo ndiyo mahali bajeti inapopasuka. Watu hujaribu kuokoa kwa kuacha bomba wazi juu ya jiwe. Jua hukausha PVC ikawa kama ganda la yai, watoto hulitumia kama ngazi, na jiwe likipata joto mchana na kupoa usiku bomba linatanuka na kusinyaa mpaka viungo vinachomoka.

Kwenye mteremko mkali, kila bomba la mita 6 lipate nanga mbili: vibanda vya zege vilivyoshikwa kwenye mwamba, kimoja chini kidogo ya mdomo mpana, kingine katikati. Bila nanga bomba linateleza milimita chache kila msimu, na kiungo cha juu kinafunguka.

Viungo vya gundi vinataka usafi kuliko nguvu. Futeni, pigeni msasa ncha na mdomo, pakeni gundi pande zote mbili, sukumeni mpaka mwisho mkizungusha robo mzunguko, mshikilie hadi gundi ishike. Usiunge bomba lililolowa. Kona ya nyuzi 90 isiwepo popote kwenye njia. Tumieni mbili za 45, au chemba.

Mwamba unapokatika ghafla zaidi ya sentimeta 60, msilaze bomba likaning'inia. Shusheni wima nje ya ukuta wa chemba ya chini: juu wekeni tii (kiungo chenye umbo la T) yenye kifuniko cha kufungulia, chini kona mbili za 45 zikiingia chemba kwa usawa wa sakafu. Maji yakianguka kutoka juu ndani ya chemba yanarusha uchafu ukutani, harufu haishi, na sakafu inaliwa.

Sakafu ya chemba ndiyo mahali fundi wa nyumba na fundi wa majitaka wanapotofautiana. Wa kwanza anaiacha tambarare kama sakafu ya jiko. Kinyesi kinatua, kinakauka, kinaita kingine. Sakafu iwe na mfereji wa nusu bomba unaopita kutoka mlango wa kuingilia mpaka wa kutokea bila kikwazo, na mabega pande zote mbili yakiinamia mfereji, yamepigwa niru mpaka yang'ae. Bomba la pembeni kutoka nyumbani liingie likifuata mwelekeo wa maji, lisije likagonga ubavuni kama njia panda. Jaribio lake ni rahisi: mwageni glasi moja ya maji kwenye bega, yote yafike mferejini yenyewe.

Kabla ya kufukia, fanyeni majaribio matatu. Kwanza kioo: mmoja aweke kioo kidogo kwenye chemba ya chini, mwingine amulike tochi kutoka ya juu. Mkiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka. Mkiona nusu mwezi, limepinda au limebonyea katikati. Pili mpira: wekeni mpira wa tenisi juu, mwageni ndoo moja, utokee chini wenyewe. Tatu maji: zibeni ncha ya chini, jazeni bomba, wekeni alama usawa wa maji kwenye chemba ya juu na msubiri saa nzima. Bomba la inchi 4 hubeba kama lita 8 kwa mita, basi mita 30 zinataka lita 240. Kwenye mlima mkali jaribuni chemba hadi chemba, si njia nzima kwa mkupuo, maana uzito wa maji utasukuma kizibo. Alama ikishuka, tafuteni kiungo kinacholia sasa, kabla ya zege.

Uwanjani kwa kila nyumba

Kila tundu linaloingiza maji bombani liwe na mtego wenye maji yaliyotuama ya sentimeta 5, mafundi wanauita gali trapu. Ndiyo kizuizi pekee kati ya hewa ya bomba na pua zenu. Nyumba ya juu kabisa iweke bomba la hewa la inchi 2 au 4 lipande juu ya paa. Bila hilo, maji yakishuka kwa kasi yanavuta hewa na kunyonya maji ya mitego ya majirani, kisha harufu inaingia ndani na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Maji ya bafu yaingie juu ya choo, yaani njia ya bafuni ipite kwanza kisha ya choo iungane chini yake. Choo cha kuchuchumaa kinapewa lita 2 au 3. Hizo zinatoa uchafu chooni tu. Kinachousukuma mpaka kwenye bomba kuu ni maji ya kuoga na kufua.

Jikoni panahitaji mtego wa mafuta, na kwa mama lishe au anayekaanga samaki hilo si la hiari. Sangara ana mafuta mengi. Yakiwa ya moto yanapita kama maji, yakikutana na bomba lililozungukwa na jiwe baridi usiku yanaganda, na magamba na vichwa vya dagaa vinajishikiza hapo. Jengeni kisanduku cha sentimeta 40 kwa 40, maji yasimame kina cha sentimeta 35. Bomba la kutokea liwe tii inayoshuka mpaka sentimeta 15 kutoka sakafuni, hivyo maji ya katikati ndiyo yanayotoka; mafuta yanabaki juu na mchanga wa kusugulia masufuria unabaki chini. Kombeni kila wiki, kwa genge la chakula kila siku mbili. Utando huo changanyeni na majivu muutupe kwenye taka ngumu. Wapo wanaokomba vizuri kabisa kisha wakamwaga kwenye chemba.

Mvua isiingie

Hesabu hii wekeni mbele ya kila mwenye nyumba. Nyumba nane zenye watu sita sita, kila mtu lita 50 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo, tuseme asilimia 85, inarudi kama majitaka: lita 2,040 kwa siku. Sasa paa nane za mita za mraba 60, mvua ya milimita 50 kwa saa moja: lita 24,000. Saa moja ya mvua ni sawa na majitaka ya karibu siku kumi na mbili. Bomba la inchi 4 kwenye mteremko wa 1 kwa 60 likijaa kabisa linapitisha lita 6 na ushee kwa sekunde, na paa nane kwenye mvua hiyo zinaleta kiasi hichohicho. Hakuna nafasi inayobaki. Mifuniko ya chini itanyanyuka, na kitakachotoka si maji ya mvua peke yake.

Kwa hiyo: mifuniko ikae sentimeta 10 juu ya ardhi, ukingo upakwe udongo wa mfinyanzi au lipu dhaifu inayovunjika kirahisi, na hakuna gata wala mfereji wa uwanja unaoelekezwa kwenye chemba. Anayefua uwanjani awe na tundu lake lenye ukingo wa matofali kuzunguka, ili mvua inayotiririka isijiingize.

Mahali pazuri pa mvua ya paa ni kwenye simtanki. Paa la mita 60 kwenye mvua ya milimita 20 linatoa kama lita 960 baada ya kutoa inayopotea. Mvua tano za namna hiyo zinakaribia kujaza tanki la lita 5,000. Kwa lita 40 kwa siku za kupikia na kunywa, tanki hilo linavusha siku 125, yaani kiangazi chote cha Juni mpaka Septemba.

Maji ya kwanza ya kila mvua yatupwe: vumbi, kinyesi cha ndege, na vile vijidudu vya ziwani vinavyofunika mabati kama mvuke. Nusu milimita ya mvua kwenye paa hilo ni lita 30. Bomba la inchi 6 la mita 2 lililosimamishwa wima kabla ya tanki, limezibwa chini na kutobolewa tundu la milimita 4, linabeba hizo na kujimwaga lenyewe kabla ya mvua inayofuata. Tundu likizibwa na majani, bomba linabaki limejaa na uchafu wote unaingia tankini. Liangalieni kila baada ya mvua kubwa.

Tanki lililojaa ni tani 5. Likae juu ya mwamba wenyewe au jukwaa la mawe na zege lililopita ukingo wa tanki, na kamwe si juu ya udongo wa kujaza uliopo kati ya mawe mawili. Maji ya kufurika yaelekezwe mtaroni kwa bomba. Yakidondokea kando ya jukwaa kila siku ya mvua, yanachimba chini yake.

Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kwa poda ya klorini yenye nguvu ya asilimia 65, gramu 3 kwa kila lita 1,000, kama theluthi mbili ya kijiko cha chai. Tieni poda kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, si maji juu ya poda, iyeyuke, mmwage tankini, msubiri nusu saa. Maji yenye tope hula dawa yote kabla haijaua kitu, kwa hiyo yachujwe kwanza. Poda isikae karibu na mafuta ya taa wala petroli.

Siku za mgao

Bomba la majitaka linakufa kwa ukosefu wa maji kabla halijafa kwa sababu nyingine yoyote. Maji yakikatika siku tatu, watu wanaacha kuoga bafuni lakini choo kinaendelea. Wekeni pipa moja la maji yaliyofulia, na kila jioni mtu wa nyumba ya juu amwage ndoo mbili za lita 20 kwa mkupuo mmoja kwenye chemba ya kwanza. Mkupuo ndio wenye kazi. Ndoo ileile ikimwagwa kikombe kikombe haisukumi chochote.

Walio chini, karibu na maji

Ziwa si ukuta, linapanda na kushuka. Mwaka 2020 na tena 2024 lilipanda sana likameza fukwe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na kwa chemba na vyoo sababu yake ni hiyo. Nyumba zilizo nje ya mita hizo lakini tambarare ziinue mifuniko ya chemba kwa kipimo cha maji ya 2024 na sentimeta 30 juu yake, na ziweke mlango wa kuzuia maji kurudi kwenye chemba ya mwisho. Mlango huo una bawa linalonasa matambara. Usiposafishwa kila mwezi ni afadhali usingekuwepo.

Shimo la zamani

Likishaunganishwa bomba, shimo la zamani lisiachwe na mbao juu. Nyonyeni, tieni chokaa, jazeni mawe na kifusi kwa tabaka mkishindilia, na fungeni juu kwa zege. Hakuna mtu kuingia ndani, hata likionekana kavu. Hewa ya humo inaangusha mtu kabla hajamaliza kuita, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Likiziba

Msianze kwa kufukua. Fungueni mifuniko kutoka juu kwenda chini. Chemba iliyojaa inafuatwa na chemba kavu, na kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Simameni kwenye ile kavu, pembeni, si mbele ya mdomo, na sukumeni kuelekea juu kwa mpira mweusi mgumu wa nusu inchi wenye ncha iliyofungwa kitambaa. Kabla ya hapo wekeni wavu wa waya kwenye mlango wa kutokea wa chemba hiyo, ili kitakachong'oka kikamatwe hapo badala ya kwenda kuziba mita ishirini chini. Nondo isiingie bombani. Inatoboa PVC kwenye kona, na mwezi ujao mtatafuta kizuizi kipya mahali palepale.

Kitakachonaswa kwenye wavu kitazameni. Pedi na nepi zinatoka nyumba chache zinazojulikana. Mchanga unasema kuna mfuniko uliovunjika au mtu anaosha vyombo kwa mchanga bila mtego. Mafuta magumu meupe yanaelekeza jikoni. Mawe madogo yenye kona kali, ya rangi ya kijivu, yanamaanisha zege limepasuka mahali na bomba liko wazi. Hilo ndilo la kufuatilia siku hiyohiyo, mkianza na sehemu iliyolala juu ya mwamba.